Seyyid Said bin Sultan na Mikarafuu ya Unguja

Sisi wakazi wa Kamembe, tulio mbali na bahari, karafuu twaijua katika pilau na chai. Ni wachache kati yetu waliouliza ni nani aliyeieneza Unguja na Pemba.

Seyyid Said alizaliwa Sumail, katika nchi ya Omani, mwaka 1791. Baba yake aliuawa baharini mwaka 1804, naye akashika utawala mwaka 1806, baada ya kumwua jamaa yake Badr bin Seif. Vita vyake na Mazrui wa Mombasa vyataka kitabu chake chenyewe.

Alipofika Unguja mwaka 1828, karafuu ilikuwa imekwisha kufika. Sifa ya kuileta hupewa Saleh bin Haramil al-Abry, ambaye Seyyid Said alimnyang'anya mashamba. Wamsifuo Seyyid hupenda kulipita jambo hili. Hata hivyo aliona mbali: aliwaamuru wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja.

Thamani ya mti huo imo katika tumba lake. Chini kidogo ya ngozi ya tumba mna vijifuko vidogo mno vilivyojaa mafuta, na karafuu njema ukiibonyeza kwa ukucha hutoa mafuta hayo. Yaweza kufika asilimia 15 hata 20 ya uzito wa karafuu kavu. Makonyo nayo yana mafuta, ila ni machache. Basi tumba huchumwa linapoanza kuwa jekundu, kabla halijachanua, maana likichanua thamani yake hupungua. Kazi hiyo yataka mikono mingi kwa siku chache, na mikono hiyo ilikuwa ya watumwa waliotolewa bara, wengine kutoka pande za maziwa. Mkataba alioufanya na Waingereza mwaka 1845 ulikataza watumwa kupelekwa Arabuni, lakini wa mashambani haukuwagusa. Hao walingoja hata mwaka 1897.

Seyyid Said alifariki tarehe 19 Oktoba 1856, merikebuni, karibu na Seychelles, akirejea kutoka Omani. Mwanawe Barghash, aliyekuwa pamoja naye, hakukubali azikwe baharini, akamleta Unguja.

Mwaka 1872 tufani iliing'oa mikarafuu mingi ya Unguja. Pemba ilisalimika, na tangu hapo ndiyo itoayo karafuu nyingi zaidi.