John Snow

John Snow (York, Uingereza, 15 Machi 1813 – London, 16 Juni 1858) alikuwa daktari Mwingereza anayehesabiwa kati ya waanzilishi wa epidemiolojia, yaani elimu ya kuenea kwa magonjwa katika jamii. Utafiti wake kuhusu kipindupindu haukukubaliwa na wengi alipokuwa hai, lakini leo hutajwa sana katika vitabu vya afya ya jamii.

Maisha

Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya tisa wa kibarua. Akiwa na umri wa miaka 14 alikwenda Newcastle kujifunza udaktari, na huko alihudumia wachimba makaa waliopatwa na kipindupindu. Mwaka 1836 alihamia London. Alijulikana hasa kwa utaalamu wa nusukaputi: alimpa Malkia Viktoria kloroformu alipojifungua mwaka 1853 na 1857.

Utafiti wa kipindupindu

Wakati ule madaktari wengi waliamini kwamba kipindupindu huletwa na hewa chafu. Mwaka 1849 Snow alitoa kijitabu akidai kwamba huenea kwa maji yenye kinyesi cha wagonjwa. Mwaka 1854 ugonjwa ulipolipuka mtaani Soho, aligundua kwamba wengi waliokufa walitumia maji ya pampu ya Broad Street. Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu uliondolewa kwa ushauri wake, ingawa vifo vilikuwa vimeanza kupungua.

Alilinganisha pia wateja wa kampuni mbili za maji. Katika kila nyumba 10,000 alihesabu vifo 315 kwa waliopata maji ya mto Thames yaliyochotwa ndani ya jiji, lakini 37 tu kwa waliopata maji yaliyochotwa juu zaidi, mbali na maji taka.

Athari

Toleo la pili la kitabu chake (1855) lilimgharimu zaidi ya pauni 200, likamrudishia kidogo sana. Alipofariki, jarida la The Lancet lilitaja utafiti wake wa kloroformu tu, bila neno juu ya kipindupindu. Baada ya mlipuko wa mwaka 1866, mtakwimu William Farr alikubali hoja ya maji. Mwaka 1936 maandishi ya Snow yalichapishwa upya Marekani, yakaanza kusomwa na wanafunzi wengi. Mwaka 2013, miaka 200 tangu azaliwe, The Lancet lilisahihisha tanzia yake.