Padre mwizi wa Pyoktong

Leo twende Kansas, Marekani, kwenye tambarare za ngano. Katika kijiji cha Pilsen, kilichojaa wahamiaji kutoka Bohemia, alizaliwa Emil Kapaun Aprili 20, 1916, siku ya Alhamisi Kuu. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alipata daraja ya upadre mwaka 1940, akarudi kuhudumu kanisa lile lile la kijijini kwao.

Mwaka 1944 aliingia jeshini kama padre wa askari, akapelekwa India na Burma. Alirudi salama, akaongeza masomo, na mwaka 1948 akapewa parokia ya Timken, mji mdogo wa Kansas. Hebu mfikirie: ana miaka 32, vita amekwisha viona, sasa ana altare na waumini wake. Nani angemlaumu kwa kubaki? Mwaka ule ule alirudi jeshini.

Novemba 1950, huko Unsan, Korea Kaskazini, kikosi chake kilizingirwa na Wachina. Alipata nafasi ya kutoroka, akabaki na majeruhi. Akamwona askari wa adui amemwelekezea bunduki Mmarekani aliyevunjika kifundo cha mguu. Padre alimsukuma askari yule kando, akamwinua majeruhi, wakaenda pamoja utumwani.

Kambi ilikuwa Pyoktong, karibu na mto Yalu. Baridi kali, njaa, kuhara. Na hapa, msomaji wangu, padre akawa mwizi! Usiku alinyemelea maghala, akachukua nafaka na viazi, akawagawia wenzake. Kabla ya kwenda alimwomba Mtakatifu Dismas, yule mwizi mwema aliyesulubiwa pamoja na Bwana. (Seminari haikutufundisha sala hiyo.) Alikunja mabati yakawa vyungu vya kuchemshia maji. Alifua nguo zilizochafuliwa na wagonjwa.

Pasaka ya 1951 aliwaongoza wafungwa katika sala, Wakatoliki na wasio Wakatoliki. Muda mfupi baadaye aliugua. Walinzi wakampeleka kwenye nyumba waliyoiita hospitali, ambako wengi waliingia wasitoke. Alifariki Mei 23, akiwa na miaka 35.

Baada ya kifo chake aliletwa kambini mfungwa Myahudi, rubani. Hakuwahi kumwona padre. Alisikia tu habari zake kwa wenzake. Akachukua kuni, akamchongea msalaba wenye sanamu ya Kristo. Mwaka 1953 wafungwa walipoachiliwa, walitoka nao. Mifupa ya padre ilitambuliwa mwaka 2021, ikarudi Kansas na kuzikwa katika kanisa kuu la Wichita.