BELL WA KARAMOJA: MWINDAJI ALIYEITUKUZA RISASI NDOGO

Msafiri atokaye Nairobi kwa barabara ya Namanga hupita Kitengela, kisha Isinya, na baadaye akaingia Kajiado. Hii ni nchi ya mifugo tangu zamani. Fisi akivunja boma usiku na kuua kondoo, asubuhi wazee hukaa na kulizungumza jambo hilo, na katika mazungumzo ya namna hiyo hakukosi mtu wa kusema kwamba dawa ya mnyama mharibifu ni bunduki kubwa. Husemwa kwamba kadiri mtutu ulivyo mpana ndivyo adui anavyokufa upesi.

Wako wengi waliowaza hivyo, tena si wa Kajiado peke yao. Mwanzoni mwa karne ya 20 karibu kila Mzungu aliyekuja Afrika ya Mashariki kuwinda alijitwisha bunduki nzito ya mitutu miwili. Mtu mmoja aliwapinga wote kwa vitendo. Aliwaua ndovu zaidi ya elfu moja, na wengi wao aliwaangusha kwa risasi ambayo wenzake waliiona yafaa paa tu. Mtu huyo ni Walter Dalrymple Maitland Bell, ambaye wawindaji wenziwe walimpa jina la Karamojo Bell kwa ajili ya nchi ya Karamoja alikojipatia sifa.

Bell alizaliwa mwaka 1880 huko Scotland, karibu na mji wa Edinburgh, katika jamaa yenye mali. Lakini mali haikumzuia kuonja uyatima mapema. Mama yake alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka miwili, na baba akamfuata mtoto alipofika sita. Alilelewa na ndugu zake wakubwa, shule zikamshinda, akatoroka akaenda kuwa baharia. Tangu utotoni alikuwa na ndoto moja tu, nayo ni kwenda Afrika kuwinda ndovu.

Alipata umri wa miaka 16 hivi alipotia mguu pwani yetu. Wakati huo reli ya Uganda ilikuwa inajengwa kutoka Mombasa kwenda bara, reli ile ile ambayo baadaye ilivuka mbuga za Athi, jirani na Kitengela. Simba walikuwa wakiwasumbua wajenzi wa reli, na kijana huyo akaajiriwa kuwapiga. Bunduki yake ilikuwa ya aina ya .303, iliyotengenezwa na Fraser wa Edinburgh. Ilikuwa bunduki nzuri ya kutazama, lakini ilichukua risasi moja tu kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo alipopata somo lake la kwanza. Risasi ya bunduki si kipande kimoja kama wengi wanavyodhani. Kuna ganda la shaba; nyuma ya ganda kuna fataki ndogo inayowaka inapogongwa; ndani kuna baruti; na mbele kumekazwa chuma kirukacho. Baruti ikiwaka, ganda hutanuka na kubana kuta za mtutu, kisha hunywea na kutoka. Lakini katika joto la nchi yetu risasi zilizopangwa kwa baridi ya Ulaya hufanya nguvu kupita kiasi. Baada ya kupiga, Bell alikuta ganda limenasa ndani na halitoki. Mtu mwenye bunduki ya risasi moja ambayo ganda limenasa hana bunduki tena, ila ana fimbo, na simba hangoji mtu achokoe ganda. Tangu siku hizo Bell hakuipima bunduki kwa ukubwa wake. Aliipima kwa uaminifu wa risasi zake.

Kabla ya kurudi kwetu alizunguka sana. Dhahabu ilipogunduliwa Klondike, upande wa kaskazini wa Kanada, alikwenda huko, akawa anawinda na kuwauzia wachimbaji nyama. Mwenziwe katika biashara hiyo alitoweka na fedha zote, na Bell akalazimika kuuza bunduki yake. Ili apate njia ya kuondoka, alijiunga na askari wa Kanada waliopelekwa vita vya Makaburu huko Afrika ya Kusini. Vita vilipokwisha mwaka 1902, akarudi Afrika ya Mashariki akiwa mtu mzima mwenye shabaha kali.

Makao yake yalikuwa Mumias, kituo cha misafara tangu enzi za wafanya biashara wa pwani. Kutoka hapo aliwaajiri wapagazi akaelekea kaskazini, Karamoja, nchi ya wafugaji ambayo serikali ya Waingereza ilikuwa haijaishika bado. Aliizunguka kwa miaka mitano hivi, hadi mwaka 1907.

Bunduki aliyoipenda ilikuwa Mauser ya milimita 7, ambayo Waingereza waliiita .275 Rigby. Risasi yake ilikuwa na uzito wa gramu 11 na kitu. Hebu msomaji alinganishe na bunduki kubwa ya .577 iliyotumiwa na wakubwa wa siku hizo: risasi yake ilikuwa na gramu 48 hivi, yaani zaidi ya mara nne. Bunduki yenyewe ilimchosha mbebaji, ikamwumiza bega mpigaji, na kishindo chake kikawakimbiza wanyama wote walio karibu.

Je, kitu kidogo kiliwezaje kumwua mnyama mkubwa kuliko wote wa nchi kavu? Bell hakutegemea nguvu, alitegemea maarifa. Alilipasua fuvu la ndovu kwa msumeno ili aone ubongo umekaa wapi, kwa kuwa katika kichwa kile kikubwa ubongo ni kitu kidogo kilichofichwa katikati ya mifupa. Alijifunza kuulenga kutoka pembeni, kutoka mbele na hata kutoka nyuma. Tena alitumia risasi ngumu isiyotanuka, ipenyayo mfupa bila ya kupinda njia. Ndovu aliyepigwa hivyo alianguka papo hapo, na kwa kuwa mlio ulikuwa mdogo, wenzake mara nyingi walisimama tu wasijue lililotukia. Bunduki aliibeba mwenyewe, wala hakuacha kujizoeza kulenga akiwa haina risasi ndani, hadi ikawa kama kiungo cha mwili wake.

Hata hivyo si kila bunduki ndogo iliyomridhisha. Alikuwa na moja nyepesi mno ya .256 Mannlicher, akaipenda kwa wepesi wake, lakini risasi zake zikamtia mashaka akaiweka kando. Alijaribu pia .318 ya Westley Richards, nayo ikamletea taabu ya risasi zisizolipuka. Yasimuliwa kwamba risasi hizo alizimaliza kwa kupiga ndege warukao juu ya ziwa, na waliomwona walidhani ameshika bunduki ya marisau. Risasi za milimita 7 zilizotengenezwa Ujerumani ndizo alizozisifu kwamba hazikumwangusha. Ndovu wapatao 800 katika hesabu yake walikufa kwa hizo.

Liko jambo lingine ambalo hata leo wapenzi wa bunduki hubishana juu yake. Mwaka 1912 kiwanda cha Savage cha Marekani kilitoa bunduki iitwayo .22 High-Power, ambayo risasi yake iligunduliwa na Charles Newton. Uzito wa risasi hiyo ulikuwa gramu 4 na nusu tu, lakini ilikwenda mbio sana, kiasi cha mita 850 kwa nukta moja. Risasi nyembamba na za mbio za namna hiyo hupendwa huko Marekani kwa kuwapiga wanyama waharibifu wa mashambani. Bell aliichukua, akaangusha nyati 23 kwa ajili ya nyama. Msomaji ajuaye tabia ya nyati aliyejeruhiwa ataelewa kwa nini wengi walisita kuyasadiki hayo.

Risasi hiyo siku hizi ni adimu. Mwenye bunduki hiyo ya kale hawezi kwenda duka lolote akaipata, na risasi za kawaida za .22 hazimfai, maana zake ni nene kuliko hizo kwa sehemu ya kumi ya milimita. Kwa hiyo huko Marekani na Ulaya wako wazee wanaojitengenezea nyumbani. Hawalitupi ganda lililokwisha pigwa. Hulisafisha, hulinyosha katika kalibu ya chuma, hutia fataki mpya, hupima baruti kwenye mizani ndogo kama ya sonara, kisha hukaza risasi juu. Ni kazi ya subira. Baruti ikizidi kidogo, bunduki yaweza kumpasukia mwenyewe usoni. Hapa Kenya bunduki na risasi ni mambo ya leseni, wala si kazi ya kujaribia chumbani. Lakini fikira iliyo ndani ya kazi hiyo ndiyo ile ya Bell, kwamba ajali ya mbugani huanza mezani, pale mtu alipopuuza kitu kidogo.

Ingekuwa dhuluma kumsimulia Bell bila ya kuwataja waliomwezesha. Huko Karamoja alikuwa na mwenzi jina lake Pyjale, Mkaramojong hodari wa kufuata nyayo, aliyetembea na mkuki mkononi na kuijua nchi ile kama kiganja chake. Bell alitangaza pia kwamba kila atakayemletea habari za ndovu wenye pembe kubwa atapewa mtamba. Wafugaji wa Kajiado hawahitaji kuelezwa uzito wa ahadi hiyo. Mtamba mmoja ni mwanzo wa kundi, na kundi ndilo huleta mke na heshima. Habari zikamiminika kutoka kila upande, na nyama yote waliila wenyeji. Wapagazi walizibeba pembe kichwani kwa mamia ya maili hadi Mumias. Sifa alipewa mmoja, lakini miguu ilikuwa ya wengi.

Baadaye aliwinda Lado, eneo la Mto Naili lililokuwa chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Leopold alipofariki mwezi wa Desemba 1909 na eneo hilo likawa linangoja kurudishwa Sudan, wawindaji wa kila namna walilivamia. Katika Vita Kuu ya Kwanza Bell aliendesha ndege za kivita za Waingereza huko Tanganyika, na baadaye upande wa Balkani, akapata nishani ya Military Cross. Kisha akatulia Scotland na mkewe Kate. Akachora picha, akaandika vitabu, na mwaka 1934 akajengewa jahazi la mashindano. Hata uzeeni aliwinda kulungu kwa bunduki nyembamba ya .220 Swift. Alifariki mwaka 1954, na kitabu chake cha mwisho kilitolewa mwaka 1960 naye yu kaburini.

Sasa tumhukumu vipi mtu huyu? Hesabu yake mwenyewe yasema aliua ndovu 1,011, na kati yao majike yalikuwa 28 tu. Wako wanaomsifu kwa hilo, kwamba alichagua madume na kuua bila ya kutesa. Lakini hakuchagua madume kwa huruma peke yake. Madume ndiyo yaliyokuwa na pembe nzito, na pembe ndizo zilizolipa safari. Ndovu wa Karamoja leo hutafutwa hasa katika mbuga ya Kidepo, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1962. Hatuwezi kumtwika Bell peke yake mzigo huo, maana wengi walikuja kabla yake na baada yake. Hata hivyo hapana awezaye kusema kwamba hakuubeba kabisa.

Wako pia waliopotea kwa kumwiga. Walishika bunduki ndogo bila ya kushika maarifa yake, wakajeruhi wanyama waliogeuka na kuwaua. Ndiyo sababu katika nchi zinazoruhusu uwindaji, sheria nyingi zimekataza kumpiga ndovu au nyati kwa bunduki iliyo chini ya .375. Bell hakufundisha kwamba kidogo kinatosha kila mtu. Alionyesha kwamba kidogo kinamtosha ajuaye, na watu wa namna hiyo ni wachache.

Turudi basi Kitengela na Kajiado. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, lakini simba na fisi hawakusoma tangazo hilo, na maboma bado yanavunjwa. Mwezi wa Juni 2012 simba sita waliuawa Kitengela kwa siku moja baada ya kuvamia mifugo. Mwezi wa Mei 2023, katika kaunti hiyo hiyo ya Kajiado, simba kumi waliuawa katika muda wa juma moja hivi, na mmoja wao alikuwa mzee mashuhuri Loonkiito, mwenye umri wa miaka 19. Hasira ya mwenye mbuzi waliokufa ni hasira ya haki, wala asiyepoteza mnyama hana ruhusa ya kuicheka.

Lakini katika Kitengela hiyo hiyo, kijana mmoja mchungaji aligundua kwamba simba huogopa mwanga unaotembea. Akachukua betri na taa ndogo akazifunga kuzunguka boma, ziwe zinawaka na kuzimika kama mtu anayepita na kurunzi. Simba wakakaa mbali na ng'ombe wa baba yake, na majirani wakaomba wafungiwe hizo taa. Kijana huyo alifanya vile vile alivyofanya Bell mbele ya fuvu la ndovu: alimchunguza mnyama hadi akaijua siri yake. Tofauti ni kwamba Bell alipoijua siri, ndovu alianguka, na kijana wa Kitengela alipoijua, simba alikwenda zake, na ng'ombe wakalala salama.