Hitchcock na somo la mgomo wa Mazinde

KATIKA miaka ya 1950, ni watu wachache waliokuwa na sauti katika zao la mkonge Tanganyika kama Sir Eldred Hitchcock. Alizaliwa mwaka 1887, na kabla ya kuhamia Tanga aliwahi kuongoza Toynbee Hall, kituo cha huduma kwa maskini jijini London. Baadaye akawa mwenyekiti wa chama cha waajiri wa mkonge.

Tatizo kubwa la waajiri hao lilikuwa watu wa kazi. Wazigua wengi wa Handeni walipendelea kulima mahindi yao, na wengine walikwenda mkongeni pale tu njaa ilipowabana. Hivyo mwaka 1944 waajiri walianzisha ofisi ya SILABU, iliyoleta manamba kutoka mbali, wakiwamo wa Kigoma na Songea. Mfanyakazi alipewa kipande cha siku 30 za kazi, na alilipwa mshahara wake akikijaza.

Hitchcock aliamini kuwa madai ya mishahara yamalizwe mezani. Mwishoni mwa miaka ya 1950 likaundwa baraza la pamoja la waajiri na wafanyakazi wa mkonge. Kasoro ni kwamba wajumbe wa wafanyakazi walitokana na kamati za mashambani, si chama cha wafanyakazi wa mashamba kilichoongozwa na Victor Mkello. Chama kikalikataa baraza hilo.

Mwaka 1958 ukazuka mgomo mrefu katika shamba la Mazinde, Korogwe. Hasara ikawa ya pande zote mbili: mwenye shamba mkonge wake haukukatwa, na mkataji hakupata mshahara. Hatimaye waajiri walikubali kukaa na chama, nacho kikaingia barazani.

Hitchcock alifariki dunia mwaka 1959. Miaka minane baadaye, mwaka 1967, Serikali ilitaifisha mashamba mengi ya mkonge.

Maisha yake yanamfaa kila anayeajiri, awe mkulima mwenye vibarua watano wa palizi, mwenye duka, au kiongozi wa klabu ya mpira wa miguu. Kuwa na kikao na wafanyakazi ni hatua nzuri, lakini haitoshi. Ukiwachagulia wewe msemaji wao, mtakubaliana naye ofisini, kisha kazi igome shambani. Waache wamchague wenyewe, na makubaliano yenu yaandikwe kabla msimu haujaanza.