Karani wa Tanga

Kila uvivu wa kuandika ukinishika, humkumbuka marehemu Shaaban Robert, jirani yetu wa Tanga (1909–1962). Wengi twamjua kwa mashairi tuliyokaririshwa shuleni. Mimi hushughulishwa zaidi na yule karani. Forodhani Pangani, kisha idara ya wanyama, kisha afisi ya upimaji ardhi. Mkubwa Mzungu akisema hama, anahama. Mkewe Amina akafariki, akamwachia watoto. Na bado aliandika.

Tena kwa werevu. Mwajiriwa wa mkoloni angeisemaje dhuluma? Akaibuni Kusadikika, nchi inayoelea angani, akamsimamisha Karama mahakamani kwa kosa la kufundisha sheria. Kitabu kikatoka 1951, naye angali kazini.

Linaloniuma ni Kufikirika. Hakuiona ikiwa kitabu. Ilichapishwa 1967, miaka mitano baada ya kuzikwa kwake. Utubora Mkulima ikafuata 1968.

Nami nina riwaya yangu, sura nne katika madaftari mawili, tangu mwanangu wa mwisho azaliwe. Sasa yuko gredi ya tano. Kisingizio changu ni kazi na watoto. Juzi baada ya Isha niliyafungua tena.