Allidina Visram na Masikio ya Kilindini

Kila nipitapo soko la Burma, hapa Eastlands, kununua nyama, hulitafakari jina lake, kwani maneno ndiyo riziki yangu chuoni. Wenyeji husema latokana na vita vya Burma, walikopelekwa askari wetu. Askari hao walipanda meli Kilindini, na huko Mombasa lipo jina jingine lililoingia vitani pasipo mwenyewe kujua: Allidina Visram.

Alizaliwa Kera, katika Kachchh ya Bara Hindi, mwaka 1851. Alitua Bagamoyo angali mtoto, akawa mtumishi wa tajiri Sewa Haji Paroo. Hapo alijifunza biashara ya misafara: nguo na shanga zaenda bara, pembe zarudi pwani. Baadaye alifungua maduka yake mwenyewe hadi Ujiji na Uganda, na reli ilipojengwa kutoka Mombasa maduka hayo yaliifuata. Akaingia pia katika pamba. Alifariki mwaka 1916. Simfanyi mtakatifu, pembe zile zilibebwa na wapagazi ambao hawana shule yenye majina yao.

Yeye anayo. Mwanawe aliijenga Mombasa kwa kumbukumbu yake, ikafunguliwa mwaka 1923. Mwaka 1942, baada ya Wajapani kuishambulia Colombo, Waingereza walihamishia humo wanamaji wao waliosikiliza redio za adui. Kazi yao ilikuwa kunasa ishara za meli za Kijapani na kuyafumbua mafumbo yake. Mawimbi yaliwafikia kwa unyonge. Hata hivyo, mwaka huo huo waliivunja lugha ya siri ya meli za mizigo, baada ya mpelekaji mmoja kusahau jambo katika ujumbe wake na kuutuma upya. Mwanaisimu yeyote angefurahi: matini mbili zikikaribia kufanana, palipo na tofauti ndipo pa kuanzia. Tangu hapo safari na shehena za meli hizo zikasomwa chini ya paa la mtu ambaye maisha yake yote yalikuwa kujua mzigo wake umefika wapi.

Mwaka 1943 wasikilizaji walirudi Colombo. Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa na mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi. Nyambizi inyamazapo haina ishara ya kunaswa. Waliangamia watu karibu 1,300, na askari wetu waliokuwa miongoni mwao hawakuifikia Burma iliyolipa soko letu jina.