Johana Owalo: Aliyesema mamlaka yake yalitoka kwa Mungu, si kwa wamisionari

ZAIDI ya miaka mia moja imepita tangu Johana Owalo awaambie wamisionari wa Nyanza kwamba ujumbe wake haukutoka Roma wala London, bali kwa Mungu mwenyewe.

Kanisa alilolianzisha mwaka wa 1914 lingali hai, na jina lake lenyewe ni hoja. Nomiya, kwa Kidholuo, maana yake ni alinipa. Aliyetoa ni Mungu na aliyepokea ni Owalo. Kati yao hapana askofu.

Wanahistoria wengi wanalihesabu Nomiya kuwa kanisa la kwanza nchini Kenya kuanzishwa na Mwafrika na kujitenga na misheni za Wazungu. Hata hivyo, uzito wa maisha ya Owalo hauko katika kutangulia tu. Aliliibua swali ambalo Ukristo umekuwa ukijiuliza tangu enzi za mitume: nani ana haki ya kusema kwa niaba ya Mungu, na haki hiyo ameipata wapi?

Owalo alikuwa Mluo aliyeshuhudia ulimwengu wa kando ya Ziwa Victoria ukibadilika kwa kasi. Reli ilifika Kisumu, uliokuwa ukiitwa Port Florence, Desemba 1901. Mwaka uliofuata, eneo hilo lilitolewa Uganda na kuwekwa chini ya utawala wa Afrika Mashariki ya Uingereza.

Wamisionari nao wakafuatana. Waquaker walifika Kaimosi mwaka wa 1902. Mapadri wa Mill Hill wakaanza kazi Kisumu na baadaye Ojola. Mwaka wa 1906 Waanglikana walifungua kituo Maseno, na Waadventista wakajenga chao Gendia, ng'ambo ya Ghuba ya Winam.

Kila kundi lilikuwa na jibu lake kuhusu chimbuko la mamlaka ya kiroho. Wakatoliki walifundisha kwamba Kristo alimkabidhi Petro funguo, na kwamba Papa ndiye mrithi wa Petro. Mtaguso wa kwanza wa Vatikano, mwaka wa 1870, ulikuwa umetangaza kwamba Papa hawezi kukosea anapotamka rasmi fundisho la imani au maadili. Waanglikana waliyaelekeza macho yao kwenye Maandiko, wakisema yana yote yanayohitajika kwa wokovu. Waquaker walisisitiza nuru ya Kristo iliyo ndani ya kila mtu.

Kwa Mluo wa wakati huo, majibu yote hayo yalipitia mikononi mwa mgeni. Papa alikuwa mbali, na Biblia ilikuwa katika lugha za watu wengine. Agano Jipya kwa Kidholuo lilitoka mwaka wa 1926, miaka sita baada ya Owalo kufariki.

Owalo alibatizwa kwanza na Wakatoliki, akapewa jina la Yohana. Mwaka wa 1907, kwa mujibu wa masimulizi ya wafuasi wake, malaika Jibrili alimchukua rohoni hadi mbinguni. Huko aliyaona mataifa yakisongamana mlangoni. Wayahudi waliingia kwanza, wakafuata Waarabu, kisha Waluo pamoja na Wagoa na Wahindi. Wazungu walipotaka kuingia, malaika waliwafungia mlango.

Yeyote aliyeujua mji wa Kisumu angewatambua wengi wa watu hao, kwani walikutana kila siku sokoni na kwenye stesheni ya reli. Lakini mbinguni mpangilio ulikuwa umegeuzwa juu chini. Waliotawala duniani ndio walioachwa nje.

Baada ya hapo Owalo aliwaacha Wakatoliki na kukaa kwa muda na misheni ya Waskoti huko Kikuyu. Kisha alirejea Nyanza na kufundisha katika shule ya Waanglikana ya Maseno, ambako kiongozi wa misheni alikuwa J. J. Willis, aliyekuja kuwa Askofu wa Uganda mwaka wa 1912.

Hawakupatana. Owalo hakukubali kwamba Yesu ni Mungu, na kwa hiyo aliyakataa mafundisho ya Utatu yaliyotokana na mitaguso ya kale, kuanzia ule wa Nikea mwaka wa 325. Alikataa pia mamlaka ya Papa. Alidumisha tohara ya wanaume, jambo geni kwa Waluo, ambao desturi yao ilikuwa kung'oa meno ya chini. Wengi wameona katika mafundisho hayo alama za Uislamu na za Agano la Kale.

Wapinzani wake walikuwa na hoja nzito. Mtume Paulo naye alidai kwamba Injili yake haikutoka kwa wanadamu, na aliandika habari za kunyakuliwa hadi mbingu ya tatu. Lakini Paulo huyo huyo alipanda kwenda Yerusalemu kuwaeleza mitume wengine Injili aliyoihubiri. Kwa makanisa ya kimisionari, ufunuo usiopimwa na wengine haukuwa na kinga dhidi ya udanganyifu. Kwa Owalo, waliotaka kuupima ndio wale wale aliowaona wakizuiwa mlangoni.

Hata hivyo, mtu aliyesema amepewa mamlaka na Mungu alilazimika kupata pia ruhusa ya serikali. Mkuu wa Mkoa wa Nyanza, John Ainsworth, alimkubalia kuendesha misheni yake. Owalo na wenzake wakaeneza mahubiri na kujenga shule zisizotegemea wamisionari.

Owalo alifariki mwaka wa 1920, mwaka ambao nchi ilifanywa rasmi kuwa koloni la Kenya. Kanisa lake halikuepuka mtihani unaolikabili kila kanisa lililojengwa juu ya maono: mwanzilishi akishaondoka, nani mwingine aweza kusema amepewa? Miaka ya baadaye lilipata migawanyiko, ikiwemo ya wale walioifanya Jumamosi kuwa siku ya ibada.

Wengine Nyanza walilijibu swali hilo kwa njia zao. Alfayo Odongo Mango, shemasi wa Kianglikana aliyeongoza vuguvugu la Roho, aliuawa Musanda mwaka wa 1934. Matthew Ajuoga na wenzake walijitenga na Waanglikana mwaka wa 1957. Legio Maria ya Simeo Ondeto ilichipuka kutoka Ukatoliki mwaka wa 1963.

Mafundisho yao hayakufanana, na baadhi yao yangemkera Owalo mwenyewe. Lakini wote walikwenda njia aliyoifungua yeye, njia ya Mwafrika kumsikiliza Mungu bila kwanza kuuliza misheni kama ameruhusiwa.